Kopo ya Mama Paluku

Bijana bangu, siku ya Yenga, siku ya ibada, mulinisimamisha inje ya chapelle mukaniuliza: Biblia inafundisha nini juu ya wema, na mwenye kutenda wema anapata nini? Mulitaka jibu ya mbio, juu muwe na kitu ya kusema mu kikundi yenu. Mais miye siko pasta. Niliuza maharage mu soko ya Butembo mpaka magoti ikakataa. Nikijibu, nitajibu na maharage. Na nitajibu mu Kiswahili yetu ya soko. Ile ya kitabu inanibana sawa kiatu ya kuazima.

Tuanze na kopo. Mutu anayejua maharage na hajue kopo, ule hajaanza kazi. Kopo yetu ilikuwa ile ya bati ya maziwa ya batoto. Unamwaga maharage ndani, unatikisa ikae muzuri, unashindilia na mukono, unaongeza mpaka inatoa kichwa juu. Halafu, ukiwa na roho, unachota mukono moja tena unatupa pale pale juu. Ile ya mwisho njo matabishi. Mununuzi asiyepewa matabishi anaenda na uso ya kukunja, ata kama ulimupimia sawasawa.

Ujanja nayo iko. Kuna mwenye kuacha kidole kubwa ndani ya kopo wakati anapima. Kidole haipikwe, mais inalipwa! Kuna mwenye kunyunyiza maharage maji asubui ivimbe. Na kuna ile kubwa kupita zote: unageuza kopo, unapiga chini yake na jiwe mpaka inaingia ndani. Kwa inje kopo ni ile ile. Kwa ndani, mukono muzima ya maharage imekosa fasi. Mu soko tuliita ile kopo ya tumbo ndani. Musinitazame vile. Wakati ya vita bengi balikuwa nayo, na mama yangu alikuwa nayo.

Mama yangu balimuita Mama Paluku, juu Paluku njo mutoto wake wa kwanza. Baba alikufa mapema, mbuzi zetu zikakulwa na askari, na sisi tulibakia batoto sita kwa nyumba moja. Miye Kavira nilikuwa musichana mukubwa tayari, nikakaa naye ku meza kujifunza kazi. Alinifundisha kuuma maharage: ikikubali jino kidogo, ni mupya, ikilia kaa, ilikwisha kuzeeka, itakula kuni yako yote. Alinifundisha kuingiza mukono mpaka chini ya mufuko, juu balimaji banaweka ya muzuri juu na ya kuoza chini. Alinifundisha kuchanganya maharage na majivu ili wadudu bahame. Ile yote ninaitumia ata leo kwa chakula yangu.

Siku ya kwanza aliniacha peke yangu ku meza, nilijidai. Masista ba couvent balikuja, nikabaapia kama maharage yangu inaiva mbele maji haijachemka vizuri. Sikuiuma, nilisema tu. Kesho yake mupishi wao akakuja na sufuria yenyewe, moto bado, akaiweka mbele yangu katikati ya soko. Alisema nikule. Nilikula. Ilikuwa sawa kutafuna kokoto, na bamama bote balisimama kunitazama. Kuanzia siku ile ninauma kwanza, ninasema nyuma.

Sasa, meza ya kufuata yetu ilikuwa ya Mama Kyakimwa. Ule mama alikuwa mujane sawa mama yangu, na maharage yake ilitoka ku balimaji bale bale. Mais kopo yake chini ilikuwa sawa ilivyotoka dukani, na kichwa ya maharage yake ilikuwa inaanguka ku meza. Wakati batu ba Kayna na Luofu balianza kukimbia vita bakakuja kwetu na magodoro ku kichwa, alifanya kitu ingine. Kila akifungua mufuko mupya, kopo ya kwanza haikuuzwa. Aliiweka pembeni, na mama mukimbizi wa kwanza kupita anafungua kitenge yake, anamwangiwa, anaenda. Bila maneno.

Bamama bengine balimucheka. Mama yangu naye alimucheka, mais alimuheshimu: alimucheka mbele ya uso, hapana nyuma ya mugongo. Alimwambia atamaliza biashara. Mama Kyakimwa alijibu polepole kama iko mu Luka: Yesu alisema kipimo unayopimia batu njo utapimiwa nayo, na itakuwa ya kushindiliwa na ya kutikiswa na ya kumwangika. Alisema Yesu anaonekana alikaa mu soko muzuri, juu anajua kutikisa kopo. Mama yangu akacheka mpaka machozi. Akasema Yesu hakukuwa na batoto sita.

Munaona, balipendana. Mama yangu alikuwa na mukono ya kubana, ni kweli, mais mutoto wa jirani akigonjwa, njo yeye alimubeba ku mugongo mpaka ku dispensaire, na hakungoja asanti. Mutu haiko kitu moja. Hii muiweke ku roho mbele sijaendelea, juu fasi ninaenda ni nzito.

Mama Kyakimwa alikuwa na kijana wake Kasereka. Mama yangu naye alikuwa na wake Kasereka. Kwetu Banande munajua: mutoto mwanaume wa tatu ni Kasereka, upende usipende. Ukiita ile jina mu soko ya Butembo, batu watageuka kila upande. Bale Kasereka bawili balikuwa barafiki, bote bakubwa, bote banasukuma mizigo ku baiskeli. Wa kwetu alikuwa na miguu ya murefu na wimbo mu kinywa, na alikuwa kaka yangu nilimupenda kupita bote. Ninasema vile hadharani, Paluku atanisamehe.

Musimu ile bei ya maharage ilipanda ku Beni. Kasereka wa Mama Kyakimwa akafunga mifuko ku baiskeli yake akaenda. Wa kwetu alituaga kama anaenda Lubero kununua maharage mupya, ku baridi kule, fasi kulikuwa salama. Akabeba mufuko moja ya maharage ya mama kuonyesha balimaji namna anataka. Sisi tukabakia bila hofu. Lubero iko upande ingine kabisa.

Halafu bunduki ikaanza ku barabara ya Beni. Magari ikaacha kupita. Mama Kyakimwa aliendelea kuuza, na miye nilimuona namna anapima siku zile. Kichwa ya kopo yake iliongezeka. Siku moja nilimuuliza kwa nini anamwaga vile wakati hata yeye hajue kama atapata mufuko ingine. Alinijibu:

"Kavira, huko mwana wangu iko, kuna mama mu soko. Ninaomba naye asimubanie kopo."

Niliokota maharage yenye ilianguka chini nikamurudishia.

Njo akafika mutu wa baiskeli kutoka upande ya Kabasha, amechoka, nguo imepasuka na miiba. Aliuliza mu soko: mama wa maharage mwenye mutoto Kasereka iko wapi? Alisema ule kijana alipigwa lisasi ku barabara na batu ba kijiji balimuzika kule kule. Zaidi hakujua, hakukuwa pale, aliambiwa tu apeleke habari. Soko haikufikiri mara mbili. Kasereka wa mama wa maharage, ku barabara ya Beni: ni wa Mama Kyakimwa. Mama yangu njo alimushika mukono wakati aliambiwa. Yeye njo alimutembeza mpaka nyumbani na kumutandikia mukeka.

Matanga yetu munaijua. Bamama ba soko banafunga meza, kila moja anakuja na kopo moja ya kitu anauza, tunachanganya, tunapikia batu ba kilio. Mama yangu alinituma nilete ya kwetu. Nilichukua kopo, nikaanza kujaza. Alininyanganya. Alipima yeye mwenyewe, na ile kopo ya tumbo ndani, akasawazisha juu na kidole. Hakukuwa na roho mubaya, bijana. Ilikuwa mukono tu, mukono imezoea. Tukaenda, akamwaga mu beseni kubwa ya matanga mbele ya bamama bote. Akakaa chini karibu na Mama Kyakimwa, akalia machozi ya kweli.

Beseni ilikuwa ku moto wakati Kasereka wa Mama Kyakimwa akaingia mu parcelle ya mama yake na miguu yake mbili.

Bamama balikimbia. Mama moja munene, mwimbaji wa chapelle, alipita mu ua ya miti na kuacha kitenge pale. Hata leo tukikumbuka tunacheka, na tunaona haya kucheka. Mais mama yangu hakukimbia. Alipiga vigelegele, alikuwa wa kwanza, alimushika kijana mashavu, akaruka naye sawa musichana. Alisema Nyamuhanga, Mungu Muumba, ni mukubwa, alisema nani ule mujinga aliyeleta uongo. Kasereka alikuwa amesimama tu sawa muti. Hakuruka. Hakumutazama. Alivua kofia akaipindapinda mu mikono.

Mama yangu akaacha kuruka. Miye nilikuwa karibu, nikasikia sauti yake imekuwa ndogo.

"Na wa kwangu?"

Kijana alikaa chini. Njo tukajua.

Alitueleza vile: ku njia ya kutoka, kaka yangu alisikia bei ya Beni, akageuza baiskeli amufuate rafiki yake. Alitaka kumushangaza mama na bei. Balipouza, balirudi bote bawili, mufuko ya mama bado ku baiskeli ya kaka yangu juu mununuzi alikataa kulipa bei yake. Mbele ya Kabasha batu balianza kukimbia, bunduki nyuma. Kulikuwa koko moja, mama muzee sana, ameachwa kando ya barabara, binti yake mwenye mimba anamuvuta mukono na hawezi. Kaka yangu akasimama. Akakata kamba na kisu, mufuko ikaanguka, akamupandisha koko pale mufuko ilikuwa, akamufunga na kitenge ya binti ili asianguke, akasukuma. Balifika mu shamba ya muhogo, koko na binti yake baliingia ndani. Yeye lisasi ilimupata akiwa bado anashika baiskeli. Rafiki yake alikimbilia mu pori, akajificha mule mpaka barabara ikatulia.

Mama yangu alisikiliza yote. Halafu akauliza kitu moja, na batu bengine banamuhukumu juu yake mpaka leo. Aliuliza: "Alitupa mufuko?"

Kasereka akasema ndiyo, mama, aliitupa.

"Alifanya muzuri," mama akasema. "Alifanya muzuri."

Akatazama ile beseni ku moto. Akasema polepole, sawa mutu anazungumuza na yeye mwenyewe, kama kumbe ni mutoto wake mwenyewe alimupimia. Sisi bote tulikuwa tumeona namna alipima.

Sasa ninawaomba muangalie Mama Kyakimwa, juu njo jibu ya nusu ya swali yenu. Mwana wake amefufuka mbele ya macho yake. Alikuwa na haki ya kuimba mpaka Beni isikie. Alimushika kijana kichwa mara moja tu, akamwambia akae amulilie ndugu yake aliyekufa. Halafu akasimama, akakunja mukeka alikuwa amekalia, akaubeba ku kichwa mpaka kwetu, akautandika, akamukalisha mama yangu pale. Bamama bakabeba beseni nyuma yake na ile maharage yote ndani. Kilio haikuisha, ilihama nyumba tu. Alilala kwetu mpaka matanga ikamalizika, na furaha yake aliificha sawa vile mutu anaficha mwangaza ya taa na mukono.

Ata mu chapelle hakusimama kutoa shukrani. Siku za Yenga zilipita. Mama yangu njo alimusukuma. Alimwambia: "Enda ushukuru. Mutoto ameishi, hapana kumunyamazia Mungu juu yangu. Nitasimama na wewe." Na balisimama bote bawili mbele, moja na kitenge ya furaha, moja na kitenge nyeusi, banashikana mikono. Sijaona mahubiri ingine ya kupita ile.

Mais mahubiri ya mubaya nayo nilisikia. Muinjilisti moja wa kupita alipata ile habari, akaifanya mufano. Alipiga meza akasema: munaona, alipunguza kopo, na Mungu akamupunguzia batoto. Mama yangu alikuwa amekaa pale. Nilisimama nikatoka inje, na nikapiga mulango, ndiyo, mulango ya nyumba ya Mungu, na sijatubu. Musome ile kitabu vizuri. Mungu haiko muuzaji mwenye hasira. Kama angekuwa anaua mutoto wa kila mwenye kopo mubaya, mu Butembo hakungebakia mutu wa kusukuma baiskeli. Kaka yangu aliuawa na mutu mwenye bunduki. Tuache kumusingizia Mungu.

Biblia inasema nini basi? Inasema Boazi aliambia batumishi bake baangushe masuke kwa kusudi, ili Ruti aokote bila kuona haya. Musione ile masuke tu, muone ile "bila kuona haya". Inasema mwenye kutoa na kupiga tarumbeta amekwisha kupata mushahara yake, asirudi ku guichet kudai ingine. Inasema ukifanya karamu uite benye hawawezi kukuita, na malipo yako itakuja siku ya ufufuo. Munaona, Yesu mwenyewe anasema malipo iko. Miye ninaamini iko. Mais tarehe hakuandika, na hakusema itapitia mukono ya nani. Wema ya Mama Kyakimwa ilienda wapi? Sijue. Mama yangu alikuwa na wazo yake: alisema Kasereka wetu alikula ku meza ile ya jirani tangu utoto, akaona kopo inamwangika kila siku, njo maana mukono yake ilikata kamba bila kufikiri. Miye ninasema alijifunza ile kwa mama yetu pia, mwenye kubeba batoto ba batu ku mugongo. Tulibishana juu ya ile mpaka akakufa.

Siku ya kurudi mu soko, mama alichukua kopo, akaingiza mutwangio ndani, akapiga. Alipiga muda murefu. Alitaka chini irudi sawa, mais hasira na uchungu haijue kupima, chini ikatoka kupita. Ikakuwa na tumbo inje. Kopo ile haisimame tena ku meza, inayumba, lazima uishike na mukono. Na inakula maharage kupita kopo yote ya Butembo. Nilimuuliza kama tununue ingine. Alisema hapana, hii njo yetu.

Aliuzia ile mpaka nguvu ikaisha, akaniachia. Hatukuwa batajiri. Hatukulala njaa pia, na sijue kueleza kwa nini.

Mwaka ya mwisho ya kazi yangu, akakuja motard moja na pikipiki yake kutoka Beni, kijana, koti imejaa vumbi. Alitaka maharage ya kupelekea mama yake. Nilimuuliza jina, akasema Kasereka. Nikamutania vile tunataniana sisi bote: bakubwa bako bawili bako wapi, banakutuma wewe mudogo ku jua? Alicheka sawa mutu amezoea swali.

"Sina bakubwa, mama. Niko wa kwanza."

Nikamwambia basi baba yako hajue kuhesabu. Kwetu, kumuita wa kwanza Kasereka ni sawa kujenga nyumba kuanzia bati. Akasema bote bamemucheka tangu masomo, mais njo vile koko yake alitaka. Mama yake alikuwa na mimba yake wakati ya vita, ku barabara, karibu na Kabasha. Kuna kijana alitupa mufuko yake akamubeba koko ku baiskeli, na akafa. Hawakujua jina yake yote wala kwao, balisikia tu rafiki yake anamuita. Koko alisema: ule kijana hajaacha mutoto, donc jina ikae kwetu.

Nilikaa ku mufuko. Nililia mbele ya batu, miye Kavira mwenye kinywa. Nilimushukuru Mungu, na nilimukasirikia pia kidogo, juu mama yangu alikuwa amekwisha kufa na hakusikia ile. Kijana aliogopa, akauliza kama nimegonjwa. Nilimwambia hapana, nina vumbi ku macho, na kidogo kidogo nikamueleza ni nani aliyekuwa ule wa baiskeli. Akavua helme ku kichwa.

Njo nikashika kopo ya mama, na mukono moja chini juu isiyumbe. Nikajaza, nikatikisa, nikashindilia, nikaweka kichwa, nikaongeza matabishi, nikaongeza tena. Maharage ikaanza kukimbia ku meza na kuanguka ku viatu vyake.

"Mama, inamwangika," akasema.

"Acha imwangike, Kasereka. Fungua mufuko muzuri."